Karatasi ya Majina Saba

Mimi ni mtu wa hasira, na ni bora msomaji alijue hilo mapema kuliko kuligundua katikati akadhani nimemficha. Nimewahi kumrushia bosi wangu kipanya cha kompyuta kikampasua juu ya nyusi. Nimewahi kuisaga printa kwa stuli ya chuma mpaka wino ukanirukia usoni. Mkono wangu wa kulia una vidole vitatu visivyokunja sawasawa. Hivyo sikuvivunja mimi, ila navyo ni sehemu ya habari hiyo hiyo.

Kazi yangu ni kupanga maandishi. Situngi, napanga. Mtu anagusa sura kwenye skrini, sauti inaanza kusimulia, na maneno yanatokea chini yake. Mimi ndiye ninayeamua yawe makubwa kiasi gani, mazito au membamba, yasimame au yalale, yakae muda gani kabla hayajaondoka. Watu wengi wanadhani hayo ni mapambo. Huwa nawaacha wadhani hivyo, maana kuwaeleza kwa nini si mapambo ingebidi nianzie Kibiti.

Nilianzia kwenye steshenari moja Kibiti mjini, kando ya barabara kuu, meza moja, kompyuta moja na feni iliyokuwa inapuliza vumbi tu. Nilichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mihutasari ya vikao vya vijiji. Pale ndipo nilipozua mtindo wangu. Kila jina la mtu mzima nililiandika kwa herufi kubwa nene za boldi, limesimama wima. Mbele yake niliweka cheo chake, Mzee au Bwana au Bibi, kwa herufi ndogo za italiki, kimeinama. Chini ya orodha nzima nilichora kistari kifupi katikati ya karatasi. Mwenye duka aliponiuliza sababu, nilimwambia cheo ni salamu, na kwetu anayesalimia mkubwa hushusha kichwa. Alicheka akaniacha. Hakuna steshenari nyingine mjini iliyofanya hivyo, na wateja walikuwa wakinitania kwamba karatasi ya binti yule unaijua kabla hujaisoma.

Aliyenilea ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi, ambaye alifariki mimi sijaota meno. Mume wa mama mdogo, ambaye nilimwita baba mdogo, alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu katika kata ya Ruaruke. Alikuwa mtu wa maneno mengi na korosho chache, na hakuna siku niliyomsikia akimtukana mkewe. Mama mdogo alisoma chuo cha Kurani tu. Herufi za Kiarabu anazisoma mbio, hizi za shule hajui hata moja. Nikimletea kadi ya harusi niliyoichapa, alikuwa akiitazama muda mrefu, anaigeuza upande huu na huu, kisha anasema, "Imekaa vizuri." Sifa hiyo ilikuwa inanitosha wiki nzima.

Halafu ikaja miaka ile ya mauaji. Sina haja ya kuieleza kwa watu wa kwetu, na kwa wasio wa kwetu naeleza hivi tu: viongozi wa vijiji walikuwa wanapigwa risasi mmoja baada ya mwingine, mchana na jioni, na mtu aliyeaga kwenda msikitini alikuwa anaagwa kwa macho ya safari ndefu. Watu waliacha kuitana kwa vyeo. Wenyeviti walificha mihuri ndani ya magunia ya mpunga.

Asubuhi moja kabla ya mambo kufika kwetu, alikuja mteja steshenari. Alivaa shati la mikono mirefu, begi mgongoni, sauti ya chini. Alikuwa na majina saba kwenye kipande cha boksi la sigara. Alisema ni viongozi walioalikwa kwenye semina, anataka orodha safi, nakala moja. Jina la baba mdogo lilikuwa la nne. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Nikasema kwa sauti kwamba huyu wa nne ndiye aliyenilea. Yule mtu akaniangalia usoni, akatabasamu, akasema basi lipambe vizuri. Nikalipamba. Nikaweka *Mzee* iliyoinama mbele ya kila jina, nikaweka kistari changu chini. Akaitazama karatasi ilipotoka bado ina joto akasema, "Una mkono mzuri."

Baada ya siku tisa karatasi ile ilikutwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Majina matatu ya juu yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu, na wenye majina hayo walikuwa wameshazikwa wiki hiyo. Baba mdogo aliibandua akaja nayo nyumbani saa ya chakula cha mchana. Tulikuwa tunakula wali na kambamiti. Aliiweka kwenye mkeka akasema, "Tazameni, wamenipa na uzee humu, na miye sijafika hata miaka hamsini." Mama mdogo hakucheka. Mimi niliiangalia karatasi nikalirudisha tonge kwenye sinia.

Nilijua papo hapo. Sikuhitaji kusoma hata herufi moja. Nilimjua na aliyeagiza, sura yake, sauti yake, kovu dogo kwenye kidole gumba. Ningesema, baba mdogo angeweza kwenda Nyamisati jioni ile ile akapanda boti ya kwenda kisiwani Mafia, ambako kaka yake alikuwa anamwita kila siku. Sikusema. Yule mtu alilijua duka, alinijua sura, na alijua kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mimi ni mtoto wa jina la nne. Niliogopa. Nilijiambia kwamba nikisema leo, kesho jina la nane ni langu. Baba mdogo aliikunja karatasi mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akasema ataipeleka polisi Ijumaa.

Alhamisi baada ya alasiri pikipiki ilisimama mbele ya kibanda cha chai. Nilikuwa narudi kutoka kumchukulia mama mdogo dawa, niko hatua kama arobaini kutoka pale. Mlio haukuwa mkubwa kama watu wanavyosimulia. Nilidhani ni tairi. Baba mdogo alikaa chini taratibu, mgongo kwenye nguzo, birika la chai likamwagika mapajani na hakuondoa miguu. Walimpiga mara ya pili akiwa amekaa, na mara ya tatu hakukuwa na haja yoyote ya kumpiga. Taya lilikuwa halipo mahali pake. Mama mdogo alifika akikimbia kichwa wazi, akajitupa juu yake, na tulipomvuta kanga yake ilibaki imeganda kwenye kifua cha mumewe. Waosha maiti walimpa mama mdogo karatasi iliyokuwa mfukoni. Ilikuwa na tundu moja lililopita mikunjo yote minne, kwa hiyo ilipofunguliwa ilikuwa na matundu mengi, na damu imeifanya ngumu. Hakuna aliyemwambia aitupe.

Wiki iliyofuata niliingia steshenari nikaishika stuli nikaivunja printa. Nilipiga mpaka mikono ikachubuka. Mwenye duka alisimama pembeni akilia, watu wakasema ni majonzi ya msiba, mwacheni binti. Nikaachwa. Nikaondoka kwenda Dar es Salaam na begi moja.

Huko nilisoma usanifu wa mambo haya ya skrini, picha, sauti na maandishi pamoja. Mwalimu alikuwa anatufundisha kwamba maandishi yana sauti hata kabla hayajasomwa, wenzangu wakawa wanaandika kwenye madaftari, mimi nikalifunga langu. Niliiacha italiki kabisa. Kwa miaka saba sikuilaza herufi hata moja. Kazi zangu zilijulikana kwa ukavu: herufi wima, nyeusi, basi. Kila Idi nilikuwa narudi kwa mama mdogo. Nilikuwa nakula kwake, nalala kitanda changu cha zamani, ananisuka nywele. Karatasi yake aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni chini ya mto. Nikiwepo alikuwa anaitoa, anaitazama, anairudisha, na mimi nageukia ukutani.

Mwaka wa nane kampuni niliyofanyia kazi ilipata mradi kwetu. Walitaka kuwekwe skrini kubwa ya kugusa katika chumba cha ofisi ya kijiji, sola juu ya bati, watu waje waguse sura na kusikiliza habari za mahali pao. Bosi aliniteua kwa sababu ni kwetu. Ningekataa, lakini niliposoma kwamba kutakuwa na sehemu ya viongozi wa miaka ile, nikaona bora nishike mimi kuliko mgeni.

Tulianzia Nyamisati, kurekodi wakata mikoko. Mmoja wao mkono wa kushoto uliishia kwenye kiwiko. Alisimulia jinsi mamba alivyomkamata akiwa anafunga nguzo kwenye mtumbwi, jinsi alivyosikia mfupa wake mwenyewe ukivunjika ndani ya maji, na jinsi alivyomchoma mnyama jicho kwa panga mara nyingi mpaka hakujua tena anamchoma mamba au anajichoma mwenyewe. Alisimulia bila kupandisha sauti. Nikayapanga maneno yake yatokee moja moja, meupe juu ya giza, yametulia. Bosi akasema hapana, herufi zitetemeke, ziwe nyekundu, zidondoshe matone. Nikamwambia mwenye mkono wake amesimulia bila kutetemeka, sisi tunatetemeka nini. Akacheka akasema mimi sina damu. Hapo ndipo kipanya kilipomfikia. Alishonwa nyuzi mbili, na kwa uungwana wake hakunifukuza. Maneno yakabaki yametulia.

Sehemu ya viongozi niliiacha mwisho. Walikuwa saba, wale wale, maana ndio waliokuwa wakiongoza upande ule. Wanne walikuwa kaburini. Watatu walikuwa wamehama, mmoja akiishi Mtawanya analima ufuta, na wote watatu walikubali kurekodiwa. Niliyaandika majina saba kwa mtindo wangu mkavu. Yakakaa pale kama namba za vyumba. Nikalitazama la baba mdogo, limesimama peke yake bila mtu wa kulisalimia, nikashindwa. Nikaweka *Mzee* mbele yake, na mbele ya wenzake sita, kisha nikailaza ya kwake.

Sasa, katika kazi yetu huwa hatupambi jina moja moja. Tunatengeneza staili, tunaipa jina, na kila kilichofungwa kwenye staili hiyo hubadilika ukibadilisha kimoja. Nilikuwa nimeyafunga majina yote saba kwenye staili moja. Nilipobonyeza, yote saba yakabadilika kwa pamoja: vyeo vikainama, majina yakasimama. Nilikaa nikiyatazama mpaka chai ikapoa. Halafu mkono wangu wenyewe ukaongeza kistari kifupi chini.

Ningeweza kufuta. Kufuta ni kubonyeza vitufe viwili. Lakini yalikuwa mazuri, yalikuwa ndiyo heshima niliyotaka kuwapa siku ile kabla mtu mwingine hajaitumia. Na nilijiambia neno moja ambalo naona haya kuliandika hapa. Nilijiambia, mama mdogo hasomi.

Siku ya kufungua ilikuwa Jumamosi asubuhi. Wanawake walikuwa wanatwanga kisamvu nje ya ofisi, vinu viwili mlangoni, mama mdogo mmoja wao. Watoto walimgusa mkata mikoko mara kumi wakapiga kelele kila mara. Wazee walisimama nyuma wakinong'ona. Kisha mtu akagusa sehemu ya viongozi, na majina saba yakajaza kioo.

Nilimwita mama mdogo aje asikie habari za mumewe. Aliuacha mchi umesimama ndani ya kinu, akajifuta mikono kwa kanga, akaingia. Hakugusa kitu. Alisimama akitazama kama alivyokuwa akitazama kadi zangu za harusi zamani, kichwa upande huu, kichwa upande huu. Hakusema imekaa vizuri. Akatoka akashika njia ya nyumbani. Nikajua anakwenda kulia, nikawaambia watu wamwache apumzike.

Alirudi na mfuko wa nailoni. Aliwapita wazee bila kuwaamkia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akaitoa karatasi, akaikunjua taratibu isivunjike, akaibandika kwa viganja viwili juu ya kioo, kando ya majina. Matundu yake yakapitisha mwanga wa skrini. Chumba kizima kikaona. Cheo kimeinama, jina limesimama, mistari saba, kistari chini. Hakuna aliyehitaji kusoma.

"Hii ya kwenye kioo kaiandika nani?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Na hii?"

Niliuweka mkono wangu wa kulia juu ya kioo, kwenye pembe ya juu ya karatasi, isianguke. "Na hiyo ni mimi. Aliniambia ni ya semina."

Akatikisa kichwa polepole, kukubali. "Nilijua tu ni mtu mmoja." Hakuwa amekasirika. Alisema na mimi kama tulivyokuwa tukisemezana jikoni. "Mwaka wa nane huu n'nalala nayo. Kusoma sijui, nikawa natazama umbo lake. Nikamuuliza mwalimu wa shule, haya madogo yaliyolala ni nini? Kaniambia ndiyo hiyo Mzee. Nikasema, basi aliyeandika hakuwa adui. Mtu hamtaki mwenziwe uhai, amwekee na adabu? Huyu kaandikishwa, hajui. Nikamsamehe, mwanangu. Kila sala n'namwombea, na jina lake silijui."

Nililia kwa sauti. Nilidhani nimeokoka. Nilifikiri miaka minane yote ile nimekimbia msamaha uliokuwa umekaa chini ya mto, hatua tano kutoka kitanda changu, na kwamba sasa nitaupigia magoti niupokee. Nikanyoosha mkono wa kushoto nimshike.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Niambie moja tu. Uliijua lini kwamba ni yako?"

Ningesema leo. Ningesema baada ya maziko. Chumba kilijaa watu na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kunisuta. Lakini alikuwa ananitazama vile anavyotazama karatasi, na nikaona kwamba uongo wowote nitakaoupanga ataujua kwa umbo.

"Siku aliyokuja nayo," nikasema. "Tulipokuwa tunakula."

"Kabla?"

"Kabla, mama. Siku mbili kabla."

Alitoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni akiuchomoa mchi kwenye kinu, majani ya kisamvu yamenata kwenye ncha. Wazee walimwona pia na hakuna aliyemzuia. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kioo. Niliuona mchi ukipanda, nilikuwa na nafasi ya kuuondoa mkono, na sikuuondoa.

Pigo lilikuwa moja. Kioo kilipasuka kuanzia pale mkono ulipokuwa mpaka pembe zote nne, majina yakakatika vipande, kisha giza. Vidole vitatu vilivunjika, kimoja mfupa ukatokeza. Damu yangu iliteremka kwenye kioo mpaka kwenye karatasi, ikapita juu ya ile ya zamani. Yeye aliibandua karatasi, akaifuta kwa pindo la kanga, upande wa damu yangu peke yake, akairudisha kwenye mfuko.

"Niliyemsamehe alikuwa mtu wa mbali," akasema. "Wewe ulikuwa unakula kwangu."

Hospitali ya Kibiti walinifunga vidole, na daktari akanieleza kipi kitarudi na kipi hakitarudi. Polisi waliuliza kilichovunja skrini, nikasema nimeangukia mchi. Nilieleza pia yote ninayoyakumbuka kuhusu yule mteja, sauti, begi, kovu la kidole gumba, na askari akayaandika yote kwa mkono wake. Nilichelewa miaka minane na siku mbili.

Haya nayachapa kwa mkono wa kushoto, herufi wima tupu. Ijumaa moja moja napanda gari mpaka Ruaruke, nasimama mlangoni kwa mama mdogo, nabisha hodi. Namsikia ndani, akisogeza chungu au akivuta uradi. Nasema shikamoo mama, na ninapoisema nashusha kichwa, ingawa hanioni. Anaitikia marahaba. Halafu namsikia akirudi jikoni, na mlango unabaki umefungwa.